Farasi Hakufika Nyakanazi, Lakini Swali Lake Limefika

Ukishuka kwenye basi pale Nyakanazi, wilayani Biharamulo, njia panda iko mbele yako: huku Kahama, huku Kakonko na Kigoma, na huku juu kuelekea Ngara na Biharamulo mjini. Utaona malori, bodaboda, ng'ombe, mbuzi. Farasi je? Hutamuona, na kutokuwepo kwake kuna historia.

Mwaka 1871 Henry Stanley alitoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili. Wote walikufa mapema tu, kabla hata hajaenda mbali na pwani. Aliwapasua kutafuta sababu, akakuta minyoo kwenye tumbo la mmoja wao. Iwe ni minyoo au kingine, misafara ya bara iliendelea kutegemea miguu na mabega ya wapagazi. Miaka ya 1894 na 1895, kule Zululand, daktari David Bruce alionyesha kwamba ugonjwa wa nagana unaletwa na kijidudu cha damu kinachobebwa na ndorobo, yaani mbung'o. Farasi humshambulia vibaya sana. Na mapori ya kuzunguka Nyakanazi, hadi Burigi, ni nyumbani kwa ndorobo tangu zamani.

Sasa twende Vienna, maana huko farasi walikuwa na shida nyingine kabisa: watu waliwapa dawa kwa siri ili washinde mbio. Mwaka 1910 mkemia Alfons Bukowski kutoka Warsaw aliitwa huko, akapima mate ya farasi na kukuta dawa za kusisimua mwili. Tangu siku hiyo swali likawa moja: dawa ikishaingia kwenye mwili wa mnyama, inaonekana kwa muda gani?

Chukua dawa ya kuvuta kama salbutamol. Farasi mwenye pumu, ambayo mara nyingi huletwa na vumbi na ukungu wa nyasi kavu, huvalishwa kifaa puani akavuta dawa. Dozi yake ni ndogo kuliko ya kumeza, kwa sababu inakwenda moja kwa moja kwenye mapafu. Lakini haiishii hapo. Sehemu yake huingia kwenye damu, ini huichakata, na mabaki hutoka kwenye mkojo. Nafuu ya pumzi inaweza kuisha baada ya saa chache tu, wakati mkojo bado unaendelea kutoa ushahidi kwa siku kadhaa. Ukirudia dozi, siku zinaongezeka.

Hapa ndipo wengi tunateleza. Muda huo hauamuliwi na dawa peke yake, bali pia na jicho linaloitafuta. Mashine za leo hukamata kiasi ambacho maabara ya 1910 isingekiota. Dawa ni ileile, lakini "imeisha mwilini" ya babu na "imeisha mwilini" ya mjukuu ni vitu viwili. Ndiyo maana wasimamizi wa mbio hutangaza muda wa kuonekana, na daktari wa mifugo huongeza siku za tahadhari juu yake.

Rudi nami Nyakanazi. Mfugaji wa huku hana farasi wa mbio, ila ana ng'ombe na ana ndorobo. Kuanzia miaka ya 1960 wafugaji wa Afrika wamekuwa wakichanja isometamidiamu, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Samorin. Ikichomwa ndani ya nyama, inabaki pale na kutoka polepole, na inaweza kumkinga ng'ombe kwa miezi miwili hadi sita hivi. Kile ambacho kwa farasi wa mbio ni hatia, yaani dawa kukaa mwilini, kwa ng'ombe huyu ndiyo kinga yenyewe!

Lakini kinga hiyo ina deni. Dawa inayokaa kwenye nyama ya ng'ombe iko pia kwenye nyama unayonunua buchani. Na antibayotiki kama OTC zinaweza kupita kwenye maziwa. Ndiyo maana lebo ya chupa huandika siku za kusubiri kabla ya kuchinja au kukamua kwa ajili ya kuuza. Tena, dawa ikibaki kidogo kidogo mwilini, isiyotosha kuua vijidudu, ndiyo inayovifundisha usugu.

Farasi wa mbio ana maabara inayomsubiri kwenye mstari wa mwisho. Ng'ombe anayepakiwa kwenye lori njia panda, shahidi wake ni mtu mmoja tu: aliyemchoma sindano. Kwa hiyo kama nyumbani mnafuga, chukua daftari la shule, andika jina la dawa, tarehe, na siku za kusubiri. Na kama wewe ni mlaji tu, muulize muuza maziwa wako: huyu ng'ombe alichomwa lini?