Shahidi wa Kongo Katika Tamthilia ya Upelelezi: Kipindi cha "Witness" na Kesi za Ituri

Mwaka 2010 televisheni ya NBC ya Marekani ilirusha "Witness", kipindi cha tamthilia ya polisi Law & Order: Special Victims Unit. Wapelelezi wa New York wanachunguza madai ya mwanamke kwamba amebakwa, na shahidi wanayemtegemea ni Nardalee Ula, mhamiaji asiye na vibali, ambaye naye alibakwa vitani Kongo. Mwishoni mwendesha mashtaka Alexandra Cabot anaacha kazi yake ili akaitumikie Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai (ICC) katika kesi za ubakaji Kongo.

Kipindi hiki kinaona vizuri kwamba kutoa ushahidi ni hatari. Kinakosea kinapoionyesha Kongo kama nchi inayongoja mwanasheria kutoka nje. Tarehe 24 Machi 2006, miaka minne kabla yake, mahakama ya kijeshi ya eneo la Ituri, kaskazini mashariki mwa Kongo, mjini Bunia, ilimtia hatiani Kapteni Blaise Bongi Massaba wa jeshi la serikali kwa uporaji na mauaji ya raia, ikitumia moja kwa moja Mkataba wa Roma, ulioianzisha ICC. Nao wanawake wa shirika la SOFEPADI, lililoanzia Bunia chini ya Julienne Lusenge, walikuwa wakiwasikiliza waathirika wa ubakaji tangu miaka ya vita.

Ugumu halisi ulikuwa katika ushahidi wenyewe, na kesi ya ICC dhidi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la wapiganaji wa Ituri aliyeshtakiwa kwa kutumia askari watoto, inauonyesha kuliko tamthilia yoyote. Januari 2009 shahidi wa kwanza aliyaacha maelezo yake siku ileile aliyoanza kuyatoa; alirudi kizimbani baada ya takriban wiki mbili. Wapelelezi wa ICC waliogopa kuwahatarisha watu wa Ituri kwa kuonekana nao, wakawategemea wasaidizi wa hapohapo kuwatafuta mashahidi. Julai 2010 kesi ilisimamishwa kwa sababu mwendesha mashtaka alikataa kufichua jina la mmoja wa wasaidizi hao. Oktoba Jopo la Rufaa la ICC liliondoa uamuzi huo. Hukumu ya tarehe 14 Machi 2012 ililaumu upande wa mashtaka kwa kuwaachia wasaidizi kazi ya uchunguzi, na takriban ushahidi wote wa vijana walioletwa kama askari watoto ukawekwa kando. Kilichobaki na nguvu ni pamoja na video ya tarehe 12 Februari 2003, inayomwonyesha Lubanga akihutubia waliosajiliwa katika kambi ya Rwampara, karibu na Bunia. Majaji walitazama sura na kuona kwamba baadhi yao walikuwa wazi chini ya miaka 15.

Ubakaji, ambao ndio unaomtoa Cabot New York, haukuwamo kabisa katika mashtaka dhidi ya Lubanga. Huo ulikuwa uamuzi wa waendesha mashtaka, na waathirika wa Ituri walistahili zaidi. Germain Katanga, kiongozi mwingine wa wapiganaji wa Ituri, alishtakiwa katika ICC kwa ubakaji na utumwa wa ngono katika shambulio la kijiji cha Bogoro, lakini mwaka 2014 hakupatikana na hatia kwa makosa hayo. Ni Bosco Ntaganda, kamanda katika kundi la Lubanga, aliyetiwa hatiani, tarehe 8 Julai 2019, kwa ubakaji wa raia na hata wa askari watoto wa kundi lake mwenyewe. Amri ya fidia katika kesi yake, ya Julai 2023, ya dola milioni 31.3, inawahusu pia watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji huo.