Zahanati Isiyodai Makaratasi: Johannesburg Tangu Tauni ya 1904

Troyeville, mtaa mkongwe ulio mashariki ya kitovu cha Johannesburg, una nyumba katika barabara ya Albemarle ambamo Mohandas Gandhi aliishi akiwa wakili kijana. Wanaoikumbuka huzungumzia siasa zake, lakini kazi yake ya Machi 1904 inastahili kukumbukwa pia. Mwezi huo tauni ya mapafu iliwashika vibarua 23 wa mgodi wa dhahabu, wakarudi wakiwa mahututi kwenye kitongoji cha Wahindi, upande wa pili wa jiji. Gandhi, Dakta William Godfrey na vijana wachache wa kujitolea walivunja kufuli la nyumba tupu, wakawalaza humo na kuwauguza bila kudai senti. Baadaye baraza la jiji lilitoa ghala kuukuu na muuguzi mmoja. Karibu wagonjwa wote walikufa, na muuguzi naye akafa. Kitongoji kikateketezwa kwa moto, wakazi wake wakahamishiwa Klipspruit, eneo ambalo baadaye lilikua na kuwa sehemu ya Soweto.

Tukio hilo linaonyesha mambo mawili. Kwanza, moyo wa kujitolea huwahi pale ambapo serikali inachelewa, na ndiyo maana zahanati za hisani zinastahili kuungwa mkono. Pili, hisani peke yake haitoshi, kwa kuwa waliojitolea waliweza kuuguza lakini hawakuweza kujenga mifereji ya majitaka wala kupunguza msongamano ambao jiji liliufumbia macho kwa miaka. Afrika Kusini yenyewe ilithibitisha hilo mwaka 1940, madaktari Sidney na Emily Kark walipoanzisha kituo cha afya Pholela, Natal, kwa fedha za serikali. Wahudumu wake walikwenda nyumba kwa nyumba, wakahimiza bustani za mboga na vyoo, na vifo vya watoto wachanga vikapungua sana. Tume ya serikali iliyoongozwa na Henry Gluckman ikapendekeza mwaka 1944 vituo vya namna hiyo vienee nchi nzima na huduma iwe ya wote. Vilifunguliwa takriban 40 tu. Chama cha ubaguzi wa rangi kikashika dola mwaka 1948, na mpango ukaachwa ufe. Ilibidi kungoja hadi 1994, Nelson Mandela alipotangaza matibabu ya bure kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka 6. Sheria ya Afya ya mwaka 2003 ikaweka huduma ya msingi bure katika zahanati za umma kwa kila asiye na bima.

Wapo wanaosema kwamba mlipakodi anaelemewa, na kwamba wageni, wakiwemo Wakongo na Wamsumbiji wa Troyeville na mitaa jirani, wanajaza foleni. Foleni ni ndefu kweli, na mama anayedamka alfajiri kisha akarudi bila dawa ana haki ya kukasirika. Lakini kumfukuza jirani yake hakuongezi muuguzi hata mmoja wala kidonge kimoja. Kifua kikuu kisichotibiwa hakibagui chumba cha mgeni na cha mwenyeji katika jengo moja, na mjamzito aliyenyimwa kliniki hurudi kwa gari la wagonjwa, akihitaji matibabu ya gharama kubwa zaidi. Sheria nayo haina utata: Aprili 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilibatilisha utaratibu wa jimbo la Gauteng wa kuwatoza wajawazito na watoto wadogo wa kigeni, na Novemba 2025 ikalizuia kundi la Operation Dudula, linalopinga wageni, kufunga njia za kuingia zahanati na kudai vitambulisho.

Hukumu ya mahakama haina nguvu mlangoni ikiwa mgonjwa haijui. Kwa hiyo vyama vya Wakongo, Watanzania na wenyeji viwafundishe watu wao haki ya kutibiwa, viwasindikize wagonjwa hadi dirishani, na viishinikize serikali iajiri wauguzi wa kutosha.