Ule Waya Ambao Fundi Alisema Hauna Kazi

Jamani, leo sina vichekesho. Leo tunaongea breki, na ukiona ni mada ya wazee wa gereji, kaa tu, utaelewa.

Juzi mtoto wa mamangu mdogo alikuwa anapeleka maji Mnarani, Kilifi. Pikapu mbele, trela nyuma, na juu ya trela tangi la lita 1,000. Hizo ni kilo 1,000 za maji, hapo hujahesabu trela yenyewe. Mteja hakuwa nyumbani, kwa hivyo tukageuza na kuanza kupanda ile njia inayotoka kivukoni, pale watu walipokuwa wakisubiri feri kabla daraja halijafunguliwa 1991. Nilikuwa nimekaa naye mbele. Tukasikia “ka!” na pikapu ikawa nyepesi ghafla. Kuangalia kioo, trela inarudi nyuma peke yake. Mnyororo wa akiba ulikuwa umeliwa na chumvi, ukakatika kama uzi. Huko chini kulikuwa na mama anauza viazi karai, na watoto wake pembeni. Trela ikapinda, ikagonga mwarobaini, ikasimama. Ni Mungu tu.

Sasa kilichoniuma ni hiki: trela ile ilikuwa na breki za umeme, zimefungwa wiki hiyo hiyo. Mbona hazikushika?

Nikaanza kutafuta, na kumbe hilo swali lina umri mkubwa. Waangalie mahamali wa mkokoteni hapa Malindi. Nyuma ya mkokoteni wamefunga kipande cha tairi kuukuu. Kwenye mteremko hamali anainua mikono ya mbele, nyuma inashuka, tairi inasugua lami. Yaani breki iko kwenye mzigo wenyewe. Mnawacheka, lakini wale wamelielewa jambo ambalo wenye treni walilipia kwa damu.

Treni za zamani zilikuwa na watu wanaokimbia juu ya mabehewa wakizungusha breki kwa mkono, behewa moja baada ya lingine. Mwaka 1869 kijana Mmarekani, George Westinghouse, akapata hataza ya breki ya upepo. Alikuwa na miaka 22! Dereva anafungua upepo, mabehewa yote yanashika pamoja. Shida ni kwamba mpira wa upepo ukikatika, hakuna breki. Baada ya miaka michache akaigeuza: upepo ndio unaoachilia breki, kwa hivyo ukipotea, breki zinajifunga zenyewe.

Si wote waliomsikiza. Juni 12, 1889, karibu na Armagh, Ireland, treni iliyojaa watoto wa matembezi ilishindwa kupanda mlima. Breki zake zilikuwa za aina inayokufa mabehewa yakitenganishwa. Wakaigawanya hivyo hivyo, wakaweka mawe nyuma ya magurudumu. Ndiyo, mawe, vile tunavyofanya hapa kila siku! Injini ikarudi kidogo, ikasukuma, mawe yakasagika, mabehewa yakateremka na kugonga treni iliyokuwa inakuja. Watu wapatao 80 walikufa. Mwaka huo huo bunge la Uingereza likapitisha sheria kwamba treni za abiria lazima ziwe na breki zinazojifunga zenyewe.

Rudi kwenye pikapu sasa. Breki ya umeme ya trela inafanya kazi hivi. Ndani ya gari kuna kiboksi kinachojua umekanyaga breki. Kinatuma umeme kwa waya hadi kwenye sumaku ndani ya gurudumu. Sumaku inang'ang'ania chuma kinachozunguka, inaburutwa nacho, inavuta mkono unaopanua breki. Umeme mwingi, breki kali. Kila sumaku inakula kama ampea 3 hivi, kwa hivyo waya wa kutoka kwenye betri uwe mnene na uwe na fyuzi. Na athi iwe na waya wake, usitegemee ndoano ya kuvutia. Huku kwetu kutu haina huruma.

Lakini trela ikichomoka, waya nao unachomoka. Umeme umeisha, breki zimekufa. Ni Armagh tena! Ndiyo maana trela hizi zinawekwa betri ndogo yake, na swichi yenye pini iliyofungwa kwa kamba ya chuma hadi kwenye bodi ya pikapu. Trela ikitoka, kamba inang'oa pini, na umeme wa ile betri unaenda moja kwa moja kwenye sumaku. Trela inajifunga yenyewe.

Ile yetu ilikuwa nayo. Fundi alikuwa ameikunja na kuifunga na nailoni chini ya trela. “Hiyo haina kazi, kijana. Gari inawaka, breki inashika, unataka nini tena?”

Simlaumu peke yake. Sisi wateja tunalipia tunachokiona. Tukikanyaga na breki ikashika, tunatoa pesa tunaenda. Hakuna anayelipia siku ambayo mambo yatakwenda mrama. Mimi nasema tubadilike: kabla hujamlipa fundi, ng'oa ile pini mwenyewe, kisha jaribu kuisukuma trela. Ikisogea, kazi haijaisha. Na kamba ifungwe kwenye bodi ya pikapu, si kwenye ndoano, kwa sababu ndoano ikitoka itaondoka nayo.

Juzi nilirudi kivukoni kununua viazi. Mama alinitambua, akaniuliza, “Mwanangu, ile gari yenu imepona?” Watoto wake walikuwa wanacheza pale pale kwenye mwarobaini. Nikamwambia tumerekebisha. Nilishukuru kwamba sikuwa namdanganya.