Lundo la Nafaka

Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Eubulides wa Miletus aliuliza: punje zikiondolewa moja moja, lundo la nafaka hukoma lini kuwa lundo? Mantiki ijuayo kweli na uwongo tu haikuweza kuionyesha punje hiyo. Mwaka 1965, Lotfi Zadeh wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitoa makala iliyokubali kwamba kitu huweza kuwamo katika kundi kwa kiasi, baina ya 0 na 1. Wako waliosema hiyo ni hesabu ya uwezekano iliyobadilishwa jina. Sivyo. Asiyejua idadi ya punje, akizihesabu, shaka humtoka; swali la lundo hubaki hata baada ya kuhesabu. Kutojua huponywa na habari. Neno lisilo na mpaka haliponywi hivyo. Mashine iwekewayo maarifa, isipotenganisha mawili hayo, hujibu kwa yakini mahali pasipo yakini.