Mafuta Kwanza, Tui Mwisho

Dengu zikishaiva, Mkyuba hahitaji hata nusu saa kuzifikisha mezani. Hubandika kikaango, hutia mafuta, kisha kitunguu maji kilichokatwa vidogo, pilipili hoho na kitunguu saumu. Vikilainika na kunukia, hufuata vipande vya chorizo, ile soseji nyekundu ya nguruwe yenye asili ya Hispania, halafu nyanya, uzile wa kusaga, jani la loreli na mvinyo mweupe. Dengu huingia mwisho, zimechujwa hata tone la maji lisibaki, zikageuzwa motoni mpaka zishike rangi na maganda yaanze kukakamaa. Hizo ndizo garbanzos fritos, dengu za kukaanga, na huliwa kwa wali au mkate.

Ninaposema dengu nakusudia zile zinazosagwa unga wa bhajia. Msomaji wa Kenya asizichanganye na ndengu, ambazo Tanzania tunaziita choroko.

Nilipozipika nyumbani mara ya kwanza, kilichonishangaza ni jinsi nilivyovijua viungo vyake. Kitunguu, saumu, nyanya, hoho, uzile: vyote vilikuwa jikoni tayari, na karibu vyote huwa natumia ninapopika dengu au mbaazi za nazi. Kikapu ni kimoja, lakini vyungu viwili vinavyotoka humo havifanani hata kidogo. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini, na sasa naamini jibu liko kwenye mafuta: ni mafuta gani, na yanaingia lini.

Mpishi wa Pwani huroweka mbaazi usiku, akazichemsha hadi zipondeke kwa vidole, ndipo akatia tui la pili pamoja na kitunguu, pilipili, manjano na chumvi. Kasimile, lile tui zito la kwanza, husubiri. Likishatiwa, mwiko hautui, kwa sababu tui likichemka bila kukorogwa hukatika na mafuta yakaelea peke yake. Mafuta ya nazi basi ndiyo yanayofunga mapishi. Havana ni kinyume chake: mafuta ndiyo yanayofungua, na kabla hayajapata moto hakuna kinachoanza.

Tofauti hiyo unaila. Uzile uliopita kwenye mafuta ya moto hubadilika, ukawa na harufu ya kitu kilichochomwa, nao hushika juu ya ganda tu. Ndani, dengu hubaki na utamu wake wa unga, hivyo kila tonge lina ladha mbili. Kwenye nazi, mbaazi hunywa tui mpaka kiini, nje na ndani kukawa kumoja. Ndiyo maana sisi hutafuta hamri la kuchovya, na Mkyuba hutafuta wali mkavu utakaopokea mafuta yanayochuruzika.

Hispania, zilikotoka dengu za Kuba, mafuta yaliwahi kuwa jambo la kufa na kupona. Baraza la Uchunguzi wa Imani lilianzishwa huko mwaka 1478, na Wayahudi waliokataa kubatizwa walifukuzwa mwaka 1492. Waliobatizwa waliendelea kuchunguzwa, na jikoni kulikuwa mahali pa kutafutia ushahidi. Kasisi Andrés Bernáldez, aliyeandika habari za utawala wa Mfalme Fernando na Malkia Isabel, aliwalaumu kwa kukaanga nyama kwa mafuta ya zeituni badala ya mafuta ya nguruwe, pamoja na vitunguu na saumu. Harufu iliyopita dirishani ingeweza kumpeleka mtu mahakamani.

Wayahudi hao walikuwa na chakula cha Sabato kiitwacho adafina, chungu cha dengu na nyama kilichoachwa kwenye moto hafifu tangu Ijumaa jioni, kwa kuwa siku ya pili ilikuwa haramu kuwasha moto. Waandishi wengi wa historia ya chakula huuona humo mzizi wa cocido, chungu cha dengu kinachopendwa Madrid hadi leo, ambamo nguruwe sasa hakosekani. Mimi siwezi kuusoma mwaka huo wa 1492 bila kusita. Oktoba ya mwaka uleule, Kolumbo alifika Kuba. Dengu zilizovuka bahari baadaye zilikuwa zimekwisha kufungwa pingu na nguruwe.

Kwa hiyo sikubaliani na anayedai kwamba kumwondoa nguruwe ni kuziharibu dengu za Kikyuba. Msomaji Mwislamu wa Tanga au Mombasa anayeziandaa bila nguruwe anakirudisha chungu karibu na mahali kilipokuwa. Kitu kimoja tu hukosekana, nacho ni moshi. Chorizo hupata wekundu na harufu yake kwenye pilipili zilizosagwa, na zile za bonde la La Vera, huko Hispania, hukaushwa kwa moshi wa mwaloni. Pilipili ilitoka Amerika ikaenda Hispania kufukizwa, ikarudi Amerika ndani ya soseji! Mimi huchoma hoho nyekundu juu ya mkaa hadi ganda liwe jeusi, nikaimenya na kuiponda, kisha nikaitia pamoja na soseji ya ng'ombe. Mahali pa mvinyo hutia maji ya danzi. Huko si kubahatisha: danzi lilipelekwa Hispania na Waarabu, likafika Kuba na Wahispania, na Wakyuba hulitumia kulainishia nyama zao.

Kuhusu haraka, Kuba ilikuwa na mwalimu wake. Nitza Villapol, aliyezaliwa New York mwaka 1923 na kufariki Havana mwaka 1998, alipika kwenye televisheni kwa zaidi ya miaka 40 katika kipindi cha Cocina al minuto, yaani mapishi ya papo kwa papo. Kando yake alisimama Margot Bacallao, mpishi Mweusi ambaye kwa maoni yangu hatajwi inavyostahili. Bidhaa zilipoadimika baada ya mapinduzi ya 1959, Villapol aligeuza utaratibu: alianza na kilichopatikana dukani, ndipo akaamua chakula. Ni hesabu ambayo mama yeyote wa Pwani huifanya sokoni kila siku. Mwaka 2005 serikali ya Kuba ilianza kugawa sufuria za presha kwa familia, na kwa anayepika dengu hilo si jambo dogo.

Maana haraka inayosifiwa ni ya nusu saa ya mwisho tu. Dengu za kopo huficha hilo. Zetu za Shinyanga na Simiyu, zinazopandwa kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua zinapoelekea kwisha, ni ndogo, za kahawia, na ganda lake ni gumu kuliko la zile kubwa nyeupe za Kihispania. Ziroweke usiku kucha. Usitie magadi, kwa sababu zitalainika kupita kiasi na kuvunjika kikaangoni. Ganda hilo gumu, lenye sumbuko wakati wa kuchemsha, ndilo linalokuja kuwa tamu likikutana na mafuta.

Nimewahi kujaribu kuyaunganisha majiko haya mawili. Nilikaanga dengu Kikyuba, kisha nikamalizia kwa kasimile. Maganda yalilegea papo hapo, uzile ukapotea, na tui nalo likachukua uchachu wa danzi likakatika. Siku hizi nikitaka nazi, napika mbaazi. Nikipika dengu za Havana, hata wali wake naupika mweupe.