Katuni za Watu Wazima

Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994 tu. Vijijini, kibanda umiza ndicho kilichokuwa sinema: mabenchi, jenereta ikinguruma nje, na msimulizi wa filamu kama Lufufu akifunika sauti za waigizaji kwa Kiswahili chake. Kung-fu ilipendwa. Katuni? Kwa wengi, kuanzia Nyamwaga kule Tarime hadi Dar es Salaam, hizo ni za watoto.

Wajapani hawakuona hivyo. Mwaka 1988 Isao Takahata alitoa filamu ya katuni Hotaru no Haka, kisa cha ndugu wawili wanaoteswa na njaa baada ya mji wa Kobe kupigwa mabomu mwaka 1945. Setsuko, mdogo kati yao, anamumunya gololi akidhani ni peremende. Hapo msimulizi, hata awe bingwa, anyamaze.

Itazame watoto wakishalala.