"Na Mwandishi Wetu" wa maabara

Sisi tunaokula mkate wa magazeti tunaijua vizuri ile "Na Mwandishi Wetu". Umezunguka juani kutwa kutafuta habari, kesho yake unaikuta ukurasa wa mbele haina jina lako. Mshahara utapata, sawa, lakini ukienda kuomba kazi kwingine utaonyesha nini? Basi ndugu msomaji, kwenye sayansi wapo watu ambao maisha yao yote ni "Na Mwandishi Wetu". Ni hao wanaotengeneza programu huria ambazo watafiti wanazitumia bure.

Mchukue John Hunter, Mmarekani aliyekuwa mtafiti wa ubongo kule Chicago. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa akichunguza umeme wa ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Programu ya maabara yao ilikuwa na leseni moja tu, na leseni yenyewe ni kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta. Wanafunzi, madaktari na watafiti wakawa wanapokezana kidude kimoja kama kata ya mtungini! Hunter akajaribu kwanza kutengeneza mbadala kwa MATLAB, kisha akahamia lugha ya Python. Mwaka 2003 akatoa matplotlib, programu ya kuchora grafu, bure kwa yeyote anayeitaka.

Tatizo ni kwamba chuoni mtu anapimwa kwa makala alizochapisha na mara ngapi wenzake wamezinukuu. Programu haiingii kwenye hesabu hiyo. Ujanja waliougundua wengi ni kuandika makala kuhusu programu, ili watu wapate cha kunukuu. Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Auckland, New Zealand, waliiandikia R makala yao mwaka 1996. (Na R ina adabu zake: ukiandika citation() inakupa rejea iliyokamilika, uvivu hauna kisingizio.) Hunter alichapisha yake mwaka 2007, kurasa 6 tu, wakati ameshaondoka chuoni tangu 2005 na anafanya kazi kwenye kampuni ya masoko ya fedha. Kurasa hizo 6 zimeshanukuliwa mara makumi ya maelfu.

Mdenmark Ole Tange yeye hakutaka kubembeleza. Programu yake, GNU Parallel, inakukumbusha unukuu makala yake ya mwaka 2011. Hutaki? Lipa euro 10,000, ujisikie huru. Wapo waliokasirika. Mimi nilicheka, halafu nikamwelewa.

Maana hali yenyewe ni hii: mwaka 2016 James Howison na Julia Bullard walitoa matokeo ya kupekua makala 90 za baiolojia. Kati ya mara zote programu zilipotajwa, ni kati ya asilimia 31 na 43 tu zilizokuwa na rejea rasmi. Nyingine zilirushwa tu katikati ya sentensi, mara nyingi bila hata kusema ni toleo gani. Sasa mwenzako atarudiaje hesabu zako, wakati toleo jipya linaweza kutoa jibu tofauti?

Mwaka huohuo wa 2016 kikundi cha FORCE11 kilitoa kanuni za kunukuu programu, na mwaka 2021 GitHub ikaanza kuonyesha rejea kutoka faili liitwalo CITATION. Afadhali.

Hunter hakuyaona hayo. Saratani ilimwondoa Agosti 2012, akiwa na miaka 44, akaacha mke na mabinti watatu. Tarehe 10 Aprili 2019 dunia ilionyeshwa picha ya kwanza ya shimo jeusi, na matplotlib ilikuwa miongoni mwa programu zilizotumika. Wanaanga wale walikuwa waungwana, waliinukuu kwenye makala zao. Sisi wa magazeti tukashangilia picha. Siku 5 baadaye NSF, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili sayansi, ikakataa ombi la fedha za kuzitunza programu za familia hiyo ya Python. Sababu iliyotolewa: mchango wake hautoshi.